Kadi za Njano za Mheshimiwa

Saa mbili na dakika kumi asubuhi, siku ya Alhamisi, kijitabu kilikuwa wazi mezani ukurasa wa tisa, na rula ya sentimita thelathini ilikuwa imelala chini ya mstari wa nne.

Hapo ndipo tulipowaacha wiki iliyopita, na wasomaji wawili wametuandikia kulalamika kwamba chai yao ilipoa mikononi. Basi tusiwacheleweshe. Mstari wa nne ulisema hivi: "Msimamo wangu ni kwamba wodi ya wazazi ifungwe, na kina mama wahamishiwe hospitali kuu." Juu ya maneno hayo ilikuwapo picha ya Mheshimiwa mbunge, akitabasamu.

Mheshimiwa ameipigania wodi hiyo miaka kumi na mmoja.

Katibu wake anaitwa Rula na kila mtu, hata na mama yake mzazi. Ni mtoto wa dada yake Mheshimiwa. Nyumbani humwita mama mdogo, ofisini humwita Mheshimiwa, na katika miaka sita ya kazi hajawahi kuchanganya hata mara moja.

"Mama mdogo," alisema. "Keti."

Mheshimiwa akaketi. Alijua mambo yameharibika kabla hajaonyeshwa kitu.

Kijitabu kiliitwa Misimamo Yangu. Kilikuwa na hoja kumi na mbili, za taifa na za jimbo: umri wa kustaafu, mitihani ya watoto wadogo, machimbo ya kokoto, taa za barabarani, na nyinginezo. Nakala elfu nne zilikuwa zimegawiwa tangu jana. Nakala moja Rula aliipeleka mwenyewe, kwa mkono wake, kwa karani wa Kamati ya Afya, akasimama pale mpaka ikagongwa muhuri wa kupokelewa. Na Kamati ya Afya ilikuwa inaamua juu ya wodi siku hiyohiyo, saa kumi jioni.

Kwa hiyo wodi yenye vitanda kumi na viwili ilikuwa na saa nane kasoro dakika kumi za kuishi. Katika kitanda namba nne, tangu alfajiri, alikuwa amelala wifi yake Rula, akisubiri mtoto wake wa kwanza.

Rula akapiga simu kiwanda cha uchapaji.

Hapa inabidi tuseme jinsi ofisi ile inavyofanya kazi, maana kosa hili lisingetokea kwingine. Kwa kila hoja Rula huandika kadi mbili. Nyeupe ni msimamo wa Mheshimiwa. Ya njano ni hoja ya anayempinga, imeandikwa kwa nguvu zote, kana kwamba mpinzani mwenyewe ndiye anayesema "mimi". Kila Jumatatu Rula humsomea bosi wake za njano, na bosi hujibu mpaka jasho limtoke. Hakuna kadi iliyoandikwa juu yake kwamba hii ni yetu au hii ni yao. Ya nini, wakati rangi inatosha?

Kadi zilipotakiwa kiwandani, Rula, ambaye hatoi karatasi halisi nje ya ofisi, alizitoa fotokopi zote ishirini na nne, akiamini rangi itamwonyesha mpangaji zipi ni za kuchapwa. Na mashine ya fotokopi ya ofisi ile haijui njano. Inajua nyeusi na nyeupe.

Mpangaji wa kurasa alijibu simu kwa furaha ya mtu aliyefanya kazi nzuri. Alisema karatasi zilimfikia mbili mbili kwa kila hoja, moja inasema hivi, nyingine inasema vile, naye akadhani wanamwachia achague.

"Ukachagua vipi?" Rula aliuliza.

"Nilichukua iliyoandikwa vizuri, dada."

"Za njano ngapi? Samahani. Zinazopinga ngapi?"

Akasikika akifunua kurasa. "Saba kati ya kumi na mbili. Kusema kweli zile zilikuwa moto."

Rula aliandika saba, kazi ya sekunde mbili. Ya kwanza ilikuwa ya hofu. Ya pili, na hili hajamwambia mtu mpaka leo, ilikuwa ya kujisikia vizuri.

Mheshimiwa akauliza kwa nini basi kosa halikuonekana wakati wa kusahihisha. Jibu lilikuwa fupi. Rula alisahihisha kwa rula, mstari mmoja baada ya mwingine, akilinganisha na fotokopi, na kila mstari ulikuwa sawa kabisa, kwa kuwa kila mstari aliuandika yeye. Alikuta mkato mmoja tu umekosekana. Ukisoma kwa rula unauona mstari, huuoni ukurasa.

Mheshimiwa akakichukua kijitabu, akaanza kusoma misimamo yake mwenyewe kama anayesoma barua za jirani.

"Kumbe nataka taa za barabarani zizimwe saa tatu," alisema.

"Ndiyo, Mheshimiwa."

"Na machimbo ya kokoto yaongezwe." Akafunua. Akasoma kimya, akarudia. "Huyu wa ukurasa wa tano ana hoja."

"Huyo ni wewe."

Hapo Mheshimiwa akaanza kucheka. Alicheka kwanza kwa pua, kama mtu aliye msibani, halafu mabega yakaanza kutikisika, halafu akalaza kichwa mezani juu ya simu. Rula alijizuia. Alitazama ukuta, akatazama dari, akahesabu feni ina mapanga mangapi. Kufika la tatu akashindwa. Watu wa duka la vioo lililo chini ya ofisi walitoka nje kuangalia kuna nini.

Walipopata pumzi walikubaliana kwamba sita kati ya zile saba hazina haraka, maana Bunge lingezijadili mwezi ujao. Ya wodi ndiyo ilikuwa na haraka.

Rula akampigia karani wa Kamati. Karani alikuwa mtu wa kanuni, na Rula huwaheshimu watu wa kanuni hata wanapomnyonga. Kanuni ilisema msimamo uliochapwa na kupokelewa hausahihishwi kwa mdomo. Husahihishwa kwa maandishi, na maandishi hayo lazima yawe na sahihi ya mbunge husika na ya mbunge mmoja wa upande wa pili. Ilitungwa kuwazuia wabunge wasigeukegeuke. Picha ya simu ingekubaliwa. Mwisho saa kumi kamili.

Wabunge wa upande wa pili walikuwa wamesafiri wote, isipokuwa mmoja.

"Usimtaje," alisema Mheshimiwa.

Rula akamtaja. Alikuwa Kipaza, mbunge wa jimbo jirani, aliyepewa jina hilo kwa sababu akishikishwa kipaza sauti hakitoki mkononi mwake mpaka umeme ukatike. Hospitali kuu iko jimboni kwake, na kwa miaka tisa amepinga kila neno lililotoka kinywani mwa Mheshimiwa. Mwaka juzi alipovunjika mguu, Mheshimiwa aliwasilisha hoja ya kumtakia afueni. Kipaza alituma barua kutoka kitandani kuipinga.

Mheshimiwa akawa anazungusha kalamu juu ya meza, taratibu.

"Leo saa nane nina mkutano na wananchi," alisema. "Atakuja?"

"Hajawahi kukosa."

"Nikisema wodi isifungwe, atasema nini?"

"Ifungwe."

"Basi nikisema ifungwe?"

Rula alielewa, na hakupenda. Alisema huo si mpango, ni kamari. Alisema pia kwamba hatashiriki katika kuwadanganya wapiga kura. Mheshimiwa akamjibu kwamba hatadanganya mtu. Atasema: ukurasa wa tisa unasema hivi. Na je, si ndivyo unavyosema?

Rula alilipima hilo kwa dakika nzima. Halikuwa na ufa. Akaandaa karatasi ya marekebisho, akaipa kichwa cha habari: Kupinga Ukurasa wa Tisa.

Saa nane kamili ukumbi wa shule ulikuwa umejaa. Rula alihesabu viti mia tatu, na watu waliosimama ukutani wasiopungua hamsini. Karibu kila mmoja alikuwa na kijitabu. Safu ya tatu alikaa mkunga mkuu wa wodi, bado amevaa sare, simu mapajani. Rula alipopita alimwuliza kwa macho. Mkunga akatikisa kichwa. Bado.

Kipaza alikuwa safu ya mbele. Kijitabu chake kilikuwa kimejaa vikaratasi vya alama, na hilo lilimtia Rula wasiwasi ambao hakuweza kuueleza.

Mheshimiwa akasimama. Alisema ukurasa wa tisa unasema hivi, akaanza kusoma. Kwamba kitanda kilicho karibu bila daktari ni faraja tu, bali kitanda cha mbali chenye daktari ni uhai. Kwamba hospitali kuu ina madaktari watatu wa upasuaji, ina akiba ya damu, ina umeme usiokatika. Kwamba ni dakika ishirini na tano kwa gari, na nani hapa atamnyima mke wake dakika ishirini na tano?

Shida ya Mheshimiwa ni kwamba hajui kusoma kinyonge. Ungempa orodha ya bei za misumari, angeisoma ukatokwa na machozi. Mwanamume mmoja nyuma akasema kweli kabisa. Wengine wakaanza kutikisa vichwa kwa kukubali. Mheshimiwa alipofika mwisho wa ukurasa, ukumbi ulipiga makofi kwa sekunde kumi na nne.

Rula alikuwa ameandika kadi ile kwa jioni mbili. Alitamani angeiandika kwa moja.

Kipaza akainuka. Akapewa kipaza sauti. Watu wakakaa sawa, maana hapo ndipo raha huanzia.

"Ndugu zangu," alisema, na sauti yake ikatetemeka. "Kwa mara ya kwanza katika maisha yangu, nakubaliana na Mheshimiwa."

Kuna mtu aliangusha chupa ya maji.

Kipaza akaendelea. Alisema alikisoma kijitabu usiku mara nne. Alisema yeye mwenyewe kwa miaka mingi alikuwa na mawazo hayohayo lakini hakupata maneno, na sasa maneno ameyapata, tena kwa mtu ambaye hakumtegemea. Ukurasa wa tisa ulimliza. Kuhusu ukurasa wa kumi na moja alisema hatauzungumzia leo, ila tayari ameshautendea kazi. Mheshimiwa alikuwa anatabasamu kama kwenye picha, lakini macho yake yalimtafuta Rula kwa namna ambayo Rula aliifahamu tangu utotoni, siku mama mdogo alipomfundisha kuendesha baiskeli, naye mwenyewe hajui breki iko wapi.

Saa nane na dakika arobaini. Umebaki muda wa saa moja na dakika ishirini, na mtu pekee anayeweza kuiokoa wodi amekuwa shabiki wa kuifunga.

Ndipo mkunga mkuu akanyoosha mkono. Hakusimama, wala hakupandisha sauti.

"Hizo dakika ishirini na tano," aliuliza, "nani alizipima, na lini?"

Mheshimiwa hakujua. Kipaza hakujua. Mtu mmoja tu ukumbini alijua, na mtu huyo huwa haongei mikutanoni. Kazi yake ni kuandika wengine wanachosema.

Rula akainuka. Rula ya sentimita thelathini ilikuwa bado mkononi.

"Nilizipima mimi," alisema. "Kutoka lango la wodi mpaka lango la hospitali kuu. Siku ya Jumapili, saa kumi na mbili asubuhi, barabara kavu, hakuna gari hata moja mbele yangu. Niliichagua siku hiyo kwa sababu nilitaka namba ndogo."

Akaendelea, bila kupaza sauti, kama anayesoma mita ya maji. Alipima mara nyingine kumi na moja. Siku ya soko ilichukua dakika hamsini na mbili. Siku ya mvua ilichukua saa moja na dakika kumi na nane. Siku mto ulipofunika daraja hakufika kabisa, alirudi. Na mwaka jana wodi ilipokea kina mama mia sita na arobaini na mmoja, ambao kati yao mia moja na tisa walijifungua kabla ya dakika ishirini kwisha tangu waingie mlangoni.

"Hao mia moja na tisa," alisema, "hata Jumapili ile, hata barabara ikiwa tupu, wangezalia njiani. Ukurasa wa tisa haukudanganya. Ulichagua. Na aliyechagua ni mimi."

Mkunga mkuu alifumba macho, akainamisha kichwa kukubali, mara moja.

Mheshimiwa alikuwa amekunja uso. Siasa hakuianza jana. Mlango ukifunguka inchi moja yeye ameshaingiza mguu.

"Katibu," alisema kwa ukali, "unanipinga mbele ya watu?"

"Nakupinga, Mheshimiwa."

Sasa ungemwona Kipaza. Uso wake ulikuwa wa mtu aliyekuwa amepoteza funguo na kuzikuta mfukoni. Kumbe kulikuwa na upande wa pili. Kumbe Mheshimiwa anaweza kupingwa, tena na katibu wake mwenyewe. Alikirudia kipaza sauti ambacho, kwa kweli, hakuwa amekiachia.

"Mmesikia wenyewe? Hata anayemwandikia anamkataa," alisema. "Mimi niko na huyu binti. Wodi haifungwi, na anayetaka kuifunga apite juu yangu."

Alizungumza dakika kumi na mbili. Katika dakika ya tatu wodi ilikuwa ni haki ya kila mama. Kufikia ya saba vitanda kumi na viwili vilikuwa aibu, viongezwe viwe ishirini. Ya kumi na moja ilimkuta akisema hospitali kuu, iliyo jimboni kwake, imejaa mpaka pomoni na haiwezi kupokea hata paka. Makofi ya safari hii Rula hakuyahesabu. Alikuwa anatembea kuelekea jukwaani na karatasi.

Kipaza alisoma kichwa cha habari, Kupinga Ukurasa wa Tisa, akaomba kalamu. Aliweka sahihi kubwa yenye mkia. Halafu akamwona Mheshimiwa akichukua kalamu ileile na kuweka sahihi chini yake.

"Na wewe unasaini?" aliuliza.

"Umenishawishi," Mheshimiwa alisema.

Miaka tisa alikuwa akilisubiri neno hilo. Kipaza alikaa chini kama mtu aliyepigwa na jua. Baada ya muda aliomba kama anaweza kubaki na kalamu. Akapewa.

Mtandao ulisumbua. Rula alipanda juu ya dawati la darasa la pili, akapanda juu ya madawati mawili, akashika simu dirishani huku mkunga mkuu akimshikilia miguu. Saa tisa na dakika arobaini na nane picha ikaondoka. Saa tisa na dakika hamsini na mbili karani akarudisha nakala yenye muhuri: marekebisho yamepokelewa. Saa kumi na dakika mbili akatuma mstari mmoja mwingine: wodi inabaki.

Simu ya mkunga ikalia Rula akiwa bado juu ya madawati. Kitanda namba nne, mtoto wa kike, kilo tatu na robo. Rula akauliza amezaliwa saa ngapi. Mkunga akamwambia saa tisa na dakika hamsini na tisa. Rula akaandika.

Ofisini, ng'ambo ya barabara, kicheko kilianza upya. Mheshimiwa alimwigiza Kipaza akiomba kalamu. Kisha akamwigiza Rula na rula yake, "nilitaka namba ndogo," mpaka wote wawili wakaishia kushikilia kabati. Watu wa duka la vioo hawakutoka tena, walikuwa wamezoea. Dirishani, chini kabisa, Kipaza alionekana kwenye maegesho ya shule akipeana mikono na wananchi mmoja mmoja.

Saa kumi na dakika nane simu ikalia. Karani.

Alitaka kuthibitisha jambo dogo tu kwa ajili ya kumbukumbu. Ukurasa wa tisa umesahihishwa, vema. Sasa kuhusu ukurasa wa kumi na moja: je, Mheshimiwa ataiwasilisha hoja yake mwenyewe, au asomewe?

Rula akasema ukurasa wa kumi na moja ni wa mwezi ujao.

Karani akasema ulikuwa wa mwezi ujao. Asubuhi hii, saa tatu na nusu, mbunge wa upande wa pili aliuunga mkono kwa maandishi, na hoja iliyoungwa mkono na pande zote mbili husogezwa mbele. Ni ya kwanza katika orodha ya Bunge ya kesho, saa tatu asubuhi. Inaweza kusahihishwa, bila shaka, kwa utaratibu uleule wa sahihi mbili. Mwisho saa kumi na moja jioni.

Orodha ikaingia kwenye simu. Rula akaiweka mezani, akalaza rula chini ya mstari wa kwanza ili mama yake mdogo asome:

"1. Hoja ya Mheshimiwa: kwamba mbunge yeyote aliyemaliza vipindi viwili aachie kiti siku hoja hii itakapopita."

Mheshimiwa yuko katika kipindi cha tatu. Kipaza yuko katika cha pili.

Wakakimbilia dirishani wote wawili. Mheshimiwa akafungua, akaita jina la Kipaza, akaita tena, kwa sauti ambayo haikuhitaji kipaza sauti. Chini, dereva alifunga mlango wa nyuma. Kijitabu chenye vikaratasi vya alama kilionekana kimewekwa juu ya dashibodi, na kalamu ndani yake.

Saa kumi na dakika kumi na mbili gari la Kipaza lilikunja kona.